Nakala Iliyofunguka

Siku hizi mtu akipatwa na kiharusi, hospitali humrudishia kumbukumbu zake kutoka kwenye nakala zilizohifadhiwa. Za Ambakisye zilikataa kufunguka. Fundi alihangaika nazo asubuhi nzima, kisha akamwita mke wa mgonjwa, Atupele.

“Mama, diski imefungwa kwa neno la siri, na analijua mumeo tu. Programu inasoma nakala moja isiyo na kufuli. Ni ya miaka tisa iliyopita.”

Atupele alisita, halafu akatia sahihi kukubali itumike.

Jioni Ambakisye alifumbua macho, akamtambua, akatabasamu.

“Mama Tupo, mtoto ametoka shule?”

Tupo, mtoto wao, walimzika pamoja miaka saba iliyopita.

“Bado,” Atupele alijibu.

Ambakisye akaomba mlango uachwe wazi, amwone mtoto akiingia.