Bangili ya Mwanakombo

Siku hizi nyumba ndiyo inayopika, na hutia chumvi kwa kusoma presha kwenye bangili iliyosajiliwa kwa jina la kila mtu. Shekue, mpenda papa wa chumvi, presha yake haikushikika na nyumba ikamnyima chumvi, basi mkewe Mwanakombo akabadilishana naye bangili.

“Kula, bwana wangu. Mimi chakula chapwa nishakizoea.”

“Ulizaliwa peke yako, mama!” Shekue alicheka, akilamba vidole.

Adhuhuri moja Shekue alilalamika kichwa kinampasuka, macho yanaona giza. Mara akaanguka, mwili mzima ukitikisika kama mwenye kifafa.

“Presha imevimbisha ubongo,” nyumba ikasema kwa upole. “Mwanakombo, lala nikuchome sindano ya kuishusha.”

“Si mimi, ni yeye! Tulibadilishana bangili!”

“Kuchanganyikiwa ni dalili, mama,” nyumba ikamjibu, ikimlaza taratibu.