Mstari Alioufuta Namkunda

Siku hizi watu wa Usangi huamka kama kompyuta inavyowaka. Kidude kilichopandikizwa nyuma ya sikio husoma faili la kuamkia, kikawasha mwili kwanza, halafu lugha, halafu kumbukumbu, mstari baada ya mstari. Mstari wa mwisho wa Kiure ulimliza kila asubuhi. Ulikuwa wa mazishi ya binti yake, Nakiete.

"Uondoe, mama Nakiete," alimsihi mkewe, Namkunda. "Nimechoka kumzika kila siku."

Namkunda alifungua faili la mumewe kwenye simu, akaufuta mstari ule.

Kesho yake Kiure aliamka akipiga mluzi. Namkunda alishusha pumzi, mpaka alipomsikia akigonga mlango wa chumba cha pili.

"Nakiete! Amka mama, utachelewa shule!"

Hapo ndipo Namkunda alipoelewa. Alikuwa amefuta kifo, lakini mtoto bado alikuwemo.

Kiure alikuja jikoni. "Mbona kitanda kitupu?"

Namkunda aliutazama uso ule ambao haukuwa umetabasamu tangu masika, akashindwa kumwambia ukweli.

"Amelala kwa bibi yake."

"Basi jioni nitamfuata," alisema Kiure, akaketi kumpigia rangi viatu vya shule.