Kilo Moja na Nusu

Damu ilikuwa kwenye sketi ya mtoto, na nyanya yake, Muthoki, aliifunika kwa leso kana kwamba aibu ni yake mwenyewe. Walikuwa wametembea tangu alfajiri kuja zahanati hii ya Tawa. Alitaka kujua jambo moja tu: je, mjukuu wake Kasyoki ni mgonjwa?

Daktari Abdulatif, mtu wa Lamu, hakuwa amemaliza mwezi Ukambani. Aliipokea kadi ya kliniki, kuukuu, imekunjwa mara nne, akasoma uzani wa kuzaliwa. Kilo moja na nusu. Akahesabu tarehe kwa vidole: miaka kumi na moja na miezi miwili.

Akampima. Kifua kilikuwa kimeanza kujaa. Kimo, hata hivyo, hakikufikia cha wasichana wa rika hilo, na mtoto alipotabasamu meno mawili ya mbele hayakuwapo. Hilo lilimkera kidogo daktari. Lakini foleni ilifika getini, na kadi ilikuwa na jibu la kila kitu.

Akamweleza Muthoki kwamba wanaozaliwa wadogo hivi, baadhi hubaki wafupi na baadhi huvunja ungo mapema kidogo kuliko wenzao. Meno nayo huenda yamechelewa tu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Muthoki hakutulia. Aliuliza mara ya pili, na ya tatu, kama kweli miaka inatosha.

"Inatosha, nyanya," Abdulatif akasema. "Angekuwa na miaka saba, hapo ningeogopa. Ningempeleka hospitali kubwa leo hii apigwe picha ya kichwa, maana damu ya mapema namna hiyo wakati mwingine huletwa na uvimbe kwenye ubongo. Na uvimbe haungoji mtu."

Mama mzee akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Abdulatif akaandika kwamba mtoto ni mzima, hahitaji kurudi. Alifurahi, tena sana. Kazi si ndiyo hii, kumtua mtu mzigo wa hofu?

Muthoki akamshika mjukuu mkono.

"Mungu akubariki, daktari. Mimi sikujua kwamba hata ile miaka minne aliyolala kaburini, kabla hajarudi tumboni mwa mamake, nyinyi huihesabu."