Violoni, Gita na Ule Muimbaji

Gita zilikuwa zimemeza violoni tena. Aziza akasonya, akazishusha kidogo kwenye kompyuta mpaka violoni zote arobaini zikapata pumzi. Haya, sasa afadhali. Metal, muziki huu wa gita za kunguruma, isiyo na hasira si metal, lakini hasira peke yake bila violoni ni kelele za kinu cha mpunga tu.

Nje, mzazi wake, Baba Djamali, alikwisha kupanga magunia ya mchele mlangoni. Alikuwa anataka arudishiwe chumba hiki, akiweke mchele. Muziki huu wa shetani, alisema, umefukuza hata panya, na wateja watafuata. Aziza alibaki na wimbo huu mmoja wa kumgeuza moyo. Ukishindwa, kompyuta inarudi sandukuni, naye anarudi dukani kupima mchele. Na mchele aliuchukia, jamani, aliuchukia kupita kiasi.

"Baba, ingia. Sikia hii moja tu."

Mzee akaketi juu ya gunia, uso umemkunjamana kama mtu aliyenyweshwa kwinini. Violoni zikaanza polepole. Gita zikaziangukia. Halafu chini kabisa ikapanda sauti nzito, ya kukwaruza, ikivuta hewa na kuitapika mpaka bati likatetemeka.

Baba Djamali akatoa macho. "Aa! Na huyu ni nani?"

"Muimbaji wangu. Nilimurekodi siku tatu. Mama ndiye alishikilia mikro."

Mama Safia, aliyesimama mlangoni, akaziba mdomo kwa kitenge.

"Wallahi, huyu ni mwanaume! Wale waimbaji wa Kabambare wanalialia tu sawa mbuzi. Huyu iko na kifua! Anaimba luga gani?"

"Hata yeye mwenyewe hajui, Baba."

"Na mbona haukumutupia libanga?" Maana huku kwetu, wimbo usiopigia mtu ukelele wa jina na sifa zake, watu huuona umepungukiwa chumvi.

"Niliogopa atakasirika."

"Akasirikie nini? Sauti sawa hii, kuificha ni zambi! Taja jina yake, muji nzima ya Kasongo isikie. Ukiitaja, chumba ni yako. Nimeapa!"

Aziza hakungoja aape mara ya pili. Akabonyeza kitufe chekundu, akasogeza mdomo kwenye mikro, akapiga ukelele:

"Djamali, baba yangu! Djamali, mutoto wa kabila ya Wamaza! Simba ya kukoroma usingizi ya muchana, kisha kula bugali!"