Habari za Mwaka Mzima

Mabrouk alimwamkia shikamoo kijana ambaye yeye mwenyewe angeweza kuwa baba yake. Ilimtoka yenyewe, kabla hata hajakaa, na ndevu zake zote nyeupe.

Kijana aliyekuwa nyuma ya meza alishtuka. Akatazama mlango, akasita, kisha akajibu kwa sauti ndogo, "Marahaba."

Haya, ndiyo mambo ya siku hizi, Mabrouk alijisemea. Tangu Januari wadogo wamekuwa wakubwa na wakubwa wamekuwa wadogo, na mwenye akili zake haulizi. Askari alikuwa amemfuata dukani kwake Mlandege baada ya sala ya alasiri, akamwambia "Unatakiwa," neno hilo tu, wala hakumpa nafasi ya kumalizia kiatu alichokuwa anakishona. Kituoni wakamwingiza katika chumba hiki, wakamwambia asubiri, wakafunga mlango. Kanzu ilikuwa imemganda mgongoni kwa jasho.

Mabrouk alikuwa fundi makubadhi, na fundi makubadhi humsoma mtu kuanzia miguuni. Lakini meza ile ilikuwa imezibwa mbele kwa ubao mpaka chini. Alichoweza kuona ni shati jipya la kaki, mikunjo ya dukani ingalipo, na mikono miwili iliyotulia juu ya meza. Hapakuwa na karatasi wala kalamu. Hao ndio wabaya zaidi, aliwaza. Hawaandiki, wanahifadhi kichwani.

Chumba cha pili redio ilikuwa inasema. Mwaka sitini na nne ulikuwa unamalizika, na mtangazaji alikuwa anausimulia tangu mwanzo wake: mapinduzi, jamhuri mpya, ardhi kuwa mali ya serikali.

"Kweli hayo?" kijana aliuliza.

"Yepi, bwana mkubwa?"

"Hayo ya ardhi."

Sasa hilo ni swali gani la kumuuliza mtu? Ukisema kweli, utaulizwa umefurahi kiasi gani. Ukisita kidogo, umeshapinga.

"Kweli tupu," alijibu. "Na sote tumefurahi."

Redio ikafika kwenye muungano na Tanganyika. "Na hayo nayo?" Kweli, bwana. Ikafika kwenye skuli za bure. Kweli, bwana. Mtangazaji alipolitaja jina jipya la nchi, kijana alilirudia taratibu, "Tanzania," kama mtu anayeonja chai ya moto. Mabrouk akaona anategwa. Akalirudia na yeye, kwa sauti kubwa, ili hata askari wa nje asikie.

Laiti ingekuwa ni hayo tu. Kilichomtisha hakikuwa redioni, kilikuwa nyumbani kwake. Siku zile za Januari, bunduki zingali zinalia, msichana mmoja mjamzito wa Matemwe alikuja kubisha hodi mlangoni kwao, mumewe kachukuliwa na hajulikani aliko. Bi Mwatima, mke wa Mabrouk, alimwingiza ndani bila kuuliza mara mbili, na majirani akawaambia ni mtoto wa ndugu yake. Mimba ikawa mtoto, na mtoto sasa anatambaa. Siku itakapojulikana kwamba wamemficha mke wa mfungwa, wamekwisha wote, na kitoto pamoja nao. Mabrouk aliogopa mpaka meno yakamuuma.

"Watokea wapi, mzee?" kijana aliuliza.

"Mlandege."

Kijana aliinama mbele, sauti ikashuka. "Basi nnataka kukuuliza kitu. Kuna mwanamke alikimbilia mjini siku zile. Wanu binti Kurwa. Alikuwa mjamzito. Umepata kumsikia?"

Kumbe ndilo aliloitiwa, Mabrouk aliwaza. Ya redio yote yalikuwa kumzunguka tu.

"Nilimsikia," alisema, na ulimi wake ukaenda mbele ya akili yake. "Keshakufa, maskini. Ramadhani ile ile. Yeye na kilichokuwa tumboni."

"Una hakika?"

"Wallahi, mimi mwenyewe nilikuwamo kaburini kumzika. Kwa mikono hii."

Akaiinua, ionekane.

Midomo ya kijana ikacheza bila sauti. Anayahifadhi maneno yangu, Mabrouk aliwaza, na kwa mara ya kwanza tangu aingie humo alipumua vizuri. Mola atamsamehe kiapo kile. Maiti hatafutwi, na usiku ule Wanu angelala salama.

Viatu vya askari vilisikika ukumbini. Mlango ukafunguliwa.

Kijana aliruka kutoka kitini kabla Mabrouk hajasimama, akaugeukia ukuta, mikono juu ya kichwa. Hapo ndipo fundi makubadhi alipoiona miguu yake. Ilikuwa mitupu, visigino vimepasuka, na vifundoni ngozi ilikuwa na makovu ya minyororo.

"Shikamoo, Mzee Mabrouk," alisema sajini aliyeingia. "Samahani kwa kukuweka. We Nahodha, nani kakwambia ukae kiti changu? Shusha mikono, ushasamehewa, na shati tumekupa. Mzee, huyu ndiye mume wa yule mgeni wenu, tunajua siku nyingi kama yuko kwako. Nimekuita uje umchukue, umpeleke kwa mkewe."

Nahodha aligeuka taratibu, uso umelowa machozi, akaitazama mikono ya Mabrouk.