Chupa ya Mwarobaini

"Kuna dawa nyingine unampa, mama?" daktari wa mifugo aliuliza, sindano ya tatu ya saratani ikiwa tayari mkononi.

Sayi alitazama chini. Tangu waanze kuja hapa Bariadi uvimbe wa mbwa wake ulikuwa umepungua, lakini sasa ilikuwa siku ya nne hajala kitu, na mbavu zilikuwa zinahesabika.

Angeweza kusema hapana. Akatoa kikapuni chupa yenye maji ya kijani.

"Mwarobaini. Namnywesha asubuhi na jioni. Halafu namkanda miguu."

Daktari alinusa chupa, kisha akairudisha sindano kwenye trei.

"Leo hatumchomi. Hii pamoja na sindano vinaweza kumharibu ini. Ungenificha, ningemchoma."

"Na kumkanda nako niache, daktari?"

"Hapana, mama. Huko kunamtuliza. Endelea."

Sayi akaimwaga dawa mwenyewe. Akarudi kwenye meza alipolala mbwa, akaushika mguu wake wa nyuma na kuukanda taratibu kwa kidole gumba, kutoka pajani hadi kwenye unyayo. Mbwa akashusha pumzi ndefu.

Daktari akamsogezea bakuli la supu ambayo Sayi alikuja nayo.

Mbwa akageuza kichwa, akalamba mara moja. Kisha tena.