Leso ya Ndani ya Ndoo

Kichocheo, dawa ya kusafishia mafuta ya karafuu hapa kiwandani, kinachagua: huacha harufu inayouzika, nyingine zote huzivunja. Sheria inataka na sisi wafanyakazi tuoshwe kwacho kila tunapoingia, jasho letu lisichafue mafuta. Baada ya mwezi mmoja mwili hauna harufu, wala haushiki yoyote. Nimejifukiza udi, nimevaa vikuba vya asumini. Wapi!

Mwanangu Hamadi, wa miezi mitano, nikimpa ziwa hugeuza uso, akalia kama amebebwa na mgeni. Hunyonya tu nikimfunika leso niliyojifunga siku zangu arobaini za uzazi, kabla sijaajiriwa. Naificha ndani ya ndoo yenye mfuniko, harufu yangu isipotee.

Leo nimerudi, nimeikuta ndoo wazi. Mama mkwe alikuwa anatabasamu.

“Raya, mwanangu, nimekupunguzia kazi. Ile leso ilivunda maziwa. Nimeifua, nimeianika.”

“Ahsante, mama,” nikasema. Mkwe hajibiwi vingine.

Nikaenda uani, nikainusa pindo kwa pindo. Ilinukia sabuni na jua.

Ndani, Hamadi alikuwa ameanza kulia njaa.